Tuonyesheni bomba lilipo: barua ya wazi kutoka mwaloni

Waheshimiwa mnaosimamia maji, uvuvi na usalama wa vyombo katika Ziwa Victoria,

Ninacho kipande cha plastiki nyeusi, kirefu kidogo kuliko kidole changu cha kati. Kimejikunja kama ganda la muhogo lililomenywa kwa kisu kikali. Upande mmoja ni laini na unang'aa, upande wa pili una mikwaruzo. Nakihifadhi kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati, na mke wangu ameshaniuliza zaidi ya mara moja kwa nini sikitupi. Sikitupi kwa sababu kilitoka chini ya ziwa kikiwa kimebana kwenye ukucha wa nanga yangu, na ninaamini ni ngozi ya bomba la maji.

Mimi ni mvuvi wa dagaa upande wa Ilemela, Mwanza. Nilianza nikiwa kijana wa kushika taa, nikawa nahodha, sasa nina mtumbwi wangu na vijana watano. Siandiki kumchongea mtu. Mradi sitautaja, wala ofisi niliyokwenda, kwa sababu jambo hili halikuanzia kwenye mradi mmoja na haliwezi kumalizwa na ofisi moja. Lipo kila mahali ambapo bomba na nyavu vimewekwa kwenye maji yaleyale bila kujulishana.

Ilikuwa siku za giza, ambazo kwetu ndizo siku za kazi. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, na mitumbwi hulala mwaloni, pale ufukweni tunapoegesha na kushusha samaki. Kijana mmoja alikuwa na homa, nikaingia mimi kwenye nafasi yake. Petroli ilikuwa imepanda, kwa hiyo hatukwenda mbali. Tulitupa nanga mahali ambapo taa za nyumba za nchi kavu bado zinaonekana, tukawasha taa zetu, tukasubiri dagaa wakusanyike. Mvuto wa kwanza ulikuwa mzuri. Wa pili tuliutoa kama saa nane usiku. Baada ya hapo radi zikaanza kumulika mbali upande wa Ukerewe, na kila anayelijua ziwa hili anajua maana yake: una nusu saa, labda pungufu.

Nikasema tung'oe. Nanga haikutoka.

Wavuvi wenzangu hawahitaji kuelezwa, lakini nyinyi nitawaeleza. Nanga zetu nyingi ni za nondo. Fundi wa kuchomelea anakata vipande vinne, anavikunja kama kucha za mwewe, anavishikiza kwenye mti mmoja wa chuma. Inashika vizuri kwenye tope na kwenye mawe. Ikinasa, unazunguka na mtumbwi ili uivute kutoka upande wa pili. Tukazunguka, haikutoka. Tukafunga kamba kwenye benchi la mbele, tukavuta kwa mashine. Pua ya mtumbwi ikainama, maji yakaingia, ndoo za dagaa zikateleza hadi mbele. Mkubwa wa wale vijana, Mkerewe anayejua maji kuliko mimi, akapiga kelele: "Tajiri, kata kamba!" Sikukata. Nilifikiria bei ya kamba na nanga, na deni la mashine ambalo lilikuwa halijaisha. Nalikiri hilo mbele yenu kwa sababu ndilo lililonifanya niandike: mtu mzima, mwenye watoto wa watu ndani ya mtumbwi, mvua inakuja, alishindwa kukata kamba kwa kuwa hakuna ambaye angemrudishia.

Halafu ikaachia yenyewe, ghafla, mtumbwi ukaruka, kijana mmoja akaanguka chali juu ya taa. Tulifika mwaloni mvua imeshaanza. Asubuhi nikikunja kamba nikaiona ile ngozi nyeusi. Nikajua mara moja ni ya nini, maana miaka ya nyuma niliwahi kusimama ufukweni nikitazama mabomba ya aina ile yakiunganishwa, ncha kwa ncha, kwa kuyeyushwa na sahani ya moto. Yakisha kuungana yanavutwa majini yakielea kama nyoka mweusi asiye na mwisho, yamevishwa mapingu ya zege kila baada ya hatua chache. Plastiki ile ni nyepesi kuliko maji, bila zege haizami. Kisha wanajaza maji taratibu kutoka ncha moja, na nyoka anazama polepole mpaka anatoweka. Watoto walipiga makofi siku ile. Baada ya hapo sote tukarudi kazini, na hakuna hata mmoja wetu aliyeambiwa nyoka yule amelala wapi hasa.

Siku ya tatu baada ya usiku ule, maji yakakatika mtaani kwetu.

Nilijua ni mimi. Sikumwambia mtu. Niliona wanawake wakipanga ndoo, niliona kijana wa mkokoteni akiuza dumu kwa bei ya juu, nikapita nimeinamisha kichwa kama mwizi. Binti yangu alikuwa na mtoto mchanga wa wiki mbili, anafua nepi kwa maji ya kununua. Vijana wangu nao walikuwa wanajua, na wao pia walinyamaza. Maji yalirudi baada ya siku mbili, na fundi mmoja akanieleza kuwa tatizo lilikuwa la umeme kwenye pampu. Nilishukuru Mungu. Lakini siku zile mbili zilinifundisha kitu: sisi watano tulikuwa na habari ambayo wataalamu wote wa maji wa mkoa huu hawakuwa nayo, kwamba bomba lao limekwaruzwa na mahali penyewe ni pale, na tuliifungia mioyoni kwa hofu.

Basi nikaamua kwenda. Nilivaa shati safi nikachukua kopo langu. Ofisini nilipokelewa na kijana mwenye adabu ambaye swali lake la kwanza lilikuwa: "Mzee, ulikuwa unafanya nini pale?" La pili lilikuwa la leseni. Hakukitazama kile kipande. Akaniambia niandike barua, nieleze kwa nini nilikuwa eneo la chanzo cha maji, niilete Jumatatu pamoja na nakala ya kitambulisho. Nilipotoka nje, mlinzi akaninong'oneza kwa nia njema kabisa: "Mzee wangu, nenda nyumbani. Hiyo wataiita hujuma." Nikaenda nyumbani. Jumatatu sikurudi. Barua waliyoitaka ndiyo hii, ila nimeamua isomwe na wote.

Waheshimiwa, sidhani mnalijua jambo hili kwa namna tunavyoligusa sisi, kwa hiyo naomba mnivumilie nieleze kilichoko chini.

Mwanza ni mji wa mawe, na mawe yale hayakomi ufukweni. Yanaendelea ndani ya ziwa, makubwa kama nyumba, na katikati yake kuna tope laini. Bomba likilazwa juu ya sakafu ya namna hiyo halilali kama mkeka. Mahali pengine linazama kwenye tope, mahali pengine linaning'inia kati ya jiwe na jiwe kama kamba ya kuanikia nguo. Pale linaponing'inia ndipo pabaya. Nanga inayopita juu ya bomba lililozikwa huliparuza tu na kuendelea. Nanga inayopita chini ya bomba lililoning'inia hulikamata kwapani. Na yale mapingu ya zege, ambayo ndiyo uzito wake, yana kona. Wavu ukiyagusa hauachii.

Karibu na ufukwe mabomba huzikwa kwenye mtaro, na mtu anaweza kudhani hapo pako salama. Lakini ziwa hili halitulii kiwango kimoja. Mwaka 2006 lilishuka mpaka mitumbwi ikakaa kwenye tope. Mwaka 2020 likapanda hadi wazee wakakumbuka mafuriko ya miaka ya sitini, likameza nyumba na mialo. Kila likipanda na kushuka, mawimbi yanachimba mahali papya. Kilichozikwa mwaka bomba lilipolazwa kinaweza kuwa wazi leo. Na hapohapo ufukweni ndipo kokoro, ule wavu mrefu wa kukokota, linapovutwa, uchafu wote wa chini ukizolewa kuja nchi kavu. Kokoro limepigwa marufuku, na mimi naunga mkono marufuku hiyo kwa moyo wote kwa jinsi linavyoua mazalia ya samaki. Ila hata siku moja sijasikia afisa akiwaambia wavuvi kwamba kokoro pia linaweza kuburuta bomba linalopeleka maji hospitali.

Jambo jingine nililifahamu kwa yule fundi wa pampu. Kuna bomba la kuvuta na bomba la kusukuma, na yakitoboka hayafanani. La kusukuma, kama lile linalopeleka maji yaliyosafishwa ng'ambo ya mlango wa ziwa au kisiwani, likitoboka maji hutoka kwa nguvu. Presha inashuka, mapovu yanaonekana, mtu anashtuka. Lakini hatari yake kubwa huja pampu ikizimwa, kwa sababu hapo maji ya ziwa yanaingia ndani ya maji ambayo tayari yametiwa dawa, na mama wa kisiwani anayafungulia bombani akiamini ni salama. Sisi wa kanda hii tumeshazika watu kwa kipindupindu. Hatuhitaji somo la ziada.

La kuvuta ni la hila zaidi. Linakwenda mbali ziwani kwa makusudi, kufuata maji masafi ya kina kirefu, mbali na mitaro ya mji na ule ukijani unaotanda ufukweni wakati wa joto. Likitoboka katikati ya safari halimwagi kitu. Linanyonya. Linanyonya pale lilipotoboka, karibu na ufukwe, kwenye tope na majani na kila kinachoshuka na mito ya mji mvua ikinyesha. Juu ya ziwa huoni chochote. Wanaogundua ni watu wa kiwandani, wanapoona maji yanayoingia yamechafuka na dawa inatumika zaidi kuliko jana, nao hawajui kwa nini. Sababu inaweza kuwa nanga ya mtu kama mimi, mwenye kopo la chai juu ya kabati.

Mnajua kuliko mimi ni watu wangapi wanategemea mabomba haya. Chanzo cha Butimba pekee kimejengwa kutoa lita milioni 48 kwa siku, na chanzo cha Capripoint ndicho kilichokuwa kikiubeba mji huu wa Mwanza kwa miaka mingi kabla yake. Kutoka Ihelele, kule Misungwi, maji ya ziwa yanapanda mpaka Shinyanga na Kahama, na siku hizi yamefika Nzega, Igunga na Tabora. Fikirieni umbali huo. Mtu wa Tabora ambaye hajawahi kuona sangara akiwa hai anakunywa maji ya ziwa letu, na njia yote ile ndefu inaanzia majini, ambako vijana wanatupa nyavu usiku. (Mwaloni huwa naulizwa kama na bomba la mafuta la kutoka Hoima kwenda Tanga linapita chini ya ziwa. Hapana, hilo linapita nchi kavu, magharibi na kusini mwa ziwa, kupitia Kagera na Geita. Lakini kwamba wavuvi wanauliza swali hilo kunaonyesha jinsi tulivyoachwa gizani kuhusu kilichoko chini yetu.)

Sasa nigeukie upande ambao haufikiriwi kabisa, upande wa mvuvi. Kila ninaposikia jambo hili likizungumzwa, bomba ndilo mgonjwa na mvuvi ndiye ugonjwa. Lakini bomba nalo linaua. Mwezi Machi 1997, kwenye Bahari ya Kaskazini, meli ya uvuvi ya Scotland iitwayo Westhaven ilinasa zana zake kwenye bomba chini ya bahari. Ilizama, na mabaharia wote wanne wakafa. Ile ilikuwa meli yenye winchi na redio. Mtumbwi wa mbao wa dagaa, uliojaa, pua imefungwa kwenye kitu kisichosogea huku mawimbi yanakuja kwa nyuma, una dakika ngapi? Usiku ule nilihesabu maji yaliyoingia kwa kuyasikia miguuni. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amevaa jaketi la kuokolea. Nalo nalikiri, sasa tunavaa.

Baada ya msiba wa Westhaven, wenzetu wa kule hawakuishia kuwakataza wavuvi. Walitengeneza kifaa cha kufunga melini kinachopiga kengele chombo kinapokaribia bomba au mtambo, na ramani za mabomba wanapewa wavuvi bure ili waziweke kwenye mitambo yao. Walielewa kwamba mvuvi haendi kwenye bomba kwa ukorofi. Mara nyingine anakwenda kwa sababu samaki wako pale. Bomba ni kama jiwe. Vitu vinaota juu yake, samaki wadogo wanajificha pembeni, wakubwa wanawafuata. Hata hapa kwetu, anayevua sato anatafuta mahali penye kitu chini, na mahali penye kitu chini anaposhika vizuri atapakumbuka na atarudi. Msishangae mkikuta mitumbwi imejipanga juu ya bomba lenu. Haijui kama ni bomba, inajua kuna samaki.

Na kuna kifungu kimoja cha sheria ambacho natamani kingebandikwa kwenye kila mwalo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, unasema katika kifungu cha 115 kwamba mwenye chombo akithibitisha kuwa ametoa mhanga nanga, wavu au zana nyingine ya uvuvi ili asiharibu kebo au bomba lililo chini ya bahari, atafidiwa na mwenye kebo au bomba hilo, mradi awe alichukua tahadhari zote za busara kabla. Someni tena taratibu. Mvuvi anayekata wavu wake kuokoa bomba analipwa wavu. Si mawazo mapya: kwa nyaya za simu za baharini, kanuni hiyohiyo ilikuwepo tangu mkataba wa Paris wa mwaka 1884. Miaka zaidi ya 130 wakubwa wa dunia wamejua kwamba ukitaka mtu akate kamba usiku wa manane, lazima ajue kesho hatalala njaa kwa kuikata.

Mkataba ule ni wa bahari. Kwa mvuvi wa Kilwa, ambako gesi ya Songo Songo inapita chini ya maji kama kilomita 25 hadi Somanga tangu mwaka 2004, mtu anaweza kubisha kama unamhusu, kwa kuwa kifungu hicho kimewekwa kwenye sehemu ya bahari kuu. Mimi niko ziwani. Ziwa si bahari, na kifungu hicho hakinifikii. Lakini sababu iliyowafanya waandike vile ipo hapa vilevile, na hakuna kinachowazuia kuiandika kwenye kanuni zetu wenyewe. Hilo ndilo ombi langu la kwanza na kubwa kuliko yote: mvuvi aliyekata kamba, nanga au wavu ili asivute bomba, akatoa taarifa, alipwe zana yake na mwenye bomba.

Najua mtakachosema, kwamba wavuvi watadanganya, kila wavu mbovu utadaiwa umekatwa kwenye bomba. Lakini wavu ulionasa kwenye bomba hauondoki. Uko pale. Mvuvi aseme kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, ndani ya siku moja, aonyeshe mahali, mpiga mbizi ashuke. Akikuta wavu, alipwe. Asipokuta, asilipwe. Na mzamiaji huyo atakuwa amewafanyia ukaguzi wa bomba ambao mngetafuta bajeti yake miaka mitatu. Wavu wenyewe utolewe, kwa maana wavu uliokatwa na kuachwa hauachi kuvua. Unaendelea kuua samaki wasioliwa na mtu, na siku ukisukumwa na mkondo utakwenda kuziba chujio la mdomo wa bomba.

Linganisheni gharama. Kamba yangu na nanga yangu, zikipotea, ni hasara ya wiki kadhaa kwa familia moja. Bomba likikatika unahitaji chombo maalumu, wapiga mbizi, vipande vipya, siku zenye ziwa tulivu, na mji mzima unasubiri na ndoo. Mwezi Oktoba 2023, bomba la gesi kati ya Finland na Estonia lilikatwa na nanga ya meli ya mizigo. Nanga yenyewe ilipatikana palepale, uzito wa tani sita. Gesi haikupita tena mpaka Aprili mwaka uliofuata. Nchi zile zina fedha na vyombo vya kila aina, na bado ilichukua nusu mwaka. Sisi ingetuchukua muda gani?

Ombi la pili ni rahisi zaidi. Tuonyesheni bomba lilipo.

Msitegemee boya peke yake. Boya linakatwa na upepo, na nasema kwa aibu, mengine yanaibwa na wavuvi wenzangu kwa ajili ya nyavu zao. Sisi tuna njia ya kujua mahali ziwani ambayo babu zetu walitufundisha. Unatazama nchi kavu, unachagua vitu viwili, kimoja mbele na kingine nyuma, labda jiwe na mwembe. Vikikaa kwenye mstari mmoja uko kwenye njia yako. Unatafuta jozi nyingine upande wa pili, na mistari inapokatana ndipo ulipotega. Basi simikeni nguzo mbili ndefu nchi kavu, moja nyuma ya nyingine, kwenye mstari wa bomba, zipakwe rangi moja na ziwe na taa za jua usiku. Nahodha akiziona zimepandana, anajua yuko juu ya bomba, hatupi nanga. Hazisombwi na mawimbi, hazitaki simu wala chaji, na mtu asiyejua kusoma anazielewa siku ya kwanza.

Halafu leteni ramani mwaloni. Ibandikwe pale samaki wanapopimwa, si kwenye ofisi ya kata. Iwe imechorwa kwa vitu tunavyovijua: kisiwa kile, mnara ule wa simu, jiwe lile lenye ndege. Vijana wengi sasa wana simu zenye ramani. Watumieni mstari wa bomba kupitia makundi yao ya WhatsApp, wengine wataupata kwa mdomo. Nimesikia hoja kwamba mahali pa bomba ni siri ya usalama. Naiheshimu hofu hiyo, lakini nyumba ya pampu iko mlimani na imepakwa rangi, kila mtu anaiona. Anayetaka kufanya ubaya hahitaji ramani. Aliyenyimwa ramani ni yule tu asiyetaka kufanya ubaya.

Ombi la tatu linahusu vizimba. Ufugaji wa samaki kwenye vizimba umekua haraka katika ziwa hili, na mimi ni miongoni mwa wanaoufurahia, kwani samaki wa kuvua wamepungua na vijana wanahitaji kazi. Lakini kizimba hakielei hivihivi. Kinashikwa na nanga, mara nyingi matofali makubwa ya zege au viroba vya mawe, kadhaa kwa kila safu, na zinakaa pale miezi na miaka. Dhoruba ikija, safu nzima inavuta, na zege linasogea. Mtumbwi wangu ulikwaruza bomba mara moja. Safu ya vizimba iliyowekwa vibaya italisugua bomba kila upepo unapovuma. Naomba pasitolewe kibali cha vizimba kabla anayetoa kibali hajaiona ramani ya bomba, na mwenye bomba hajaweka saini yake. Wa uvuvi na wa maji wakae meza moja kwa hilo. Kwa sasa, mwananchi akiuliza swali linalogusa bomba na samaki kwa pamoja, anazungushwa kama pia.

La nne ni dogo ila linaniuma. Wekeni namba ya simu ambayo mvuvi anaweza kupiga na kusema "nimenasa mahali fulani" bila kuulizwa kwanza kitambulisho na leseni. Leseni ikaguliwe siku nyingine, kuna doria kwa kazi hiyo. Anayeleta habari ya bomba asikutane na neno hujuma mlangoni. Kwa kila mmoja anayekuja, wako wengi waliokaa kimya mwaloni wakitazama yatakayompata.

Sisi nasi tuna wajibu, na wenzangu mkisoma hapa msikunje uso. Nanga za nondo tuziache kwenye maeneo ya bomba. Kiroba cha mawe kinatosha kushika mtumbwi usiku wa utulivu, na kikinasa hakina ukucha wa kuchuna kitu. Kokoro tuliache, na tusiwafiche wanaolitumia. Boya la mtu mwingine tusilikate. Mashine isitumike kung'oa nanga iliyonasa, hata kama umeshawahi kufaulu mara kumi, kwa kuwa mara ya kumi na moja utawazamisha vijana. Nimeshawaambia wangu: ikinasa mara mbili, kata, deni ni langu. Nilinunua kisu kipya na kimefungwa kwa kamba kwenye benchi la mbele, pale kila mmoja anapoweza kukifikia gizani.

Mahali penyewe napajua. Mwamba mkubwa wenye mti mmoja ukikaa chini ya paa la bati jekundu la shule, na kwa upande wa pili ncha ya kisiwa ikigusa mnara wa simu, hapo ndipo nanga iliponasa. Majina ya vitu hivyo sijayatangaza hapa, na vijana wangu hawatupi nanga karibu na pale. Mkimtuma mpiga mbizi, aje mchana, kabla ya saa nne, upepo haujaamka. Nitampeleka kwa mtumbwi wangu na petroli yangu, na kopo nitakuja nalo, alinganishe kipande na jeraha.

Wenu,
Mvuvi wa dagaa, Ilemela, Mwanza